Naomba ushauri: Usaili wa pili wanataka niende na simu na niwape nenosiri za akaunti zangu

BintiNgaramtoni

Wakuu habari za jioni. Naenda moja kwa moja kwenye mada.

Nimesomea masoko, nikamaliza chuo hapa Arusha mwaka juzi. Kwa sasa namsaidia shangazi yangu Moshi kwenye duka lake la kukodisha vifaa vya kupandia mlima, huku naendelea kutuma maombi ya kazi. Wiki iliyopita kampuni moja ya utalii, jina naliweka kando, iliniita kwenye usaili wa nafasi ya kujibu barua pepe za wageni na kupanga buking za safari. Waliniuliza mambo ya Tarangire, ya Ngorongoro, na lini mgeni aende Ndutu kama anataka kuona nyumbu wakizaa. Nilijibu vizuri na wao wenyewe waliridhika.

Jana HR kanipigia: "Hongera, umeingia usaili wa pili. Njoo na simu yenye bando, tutapitia kurasa zako pamoja." Kisha akanitumia fomu. Ina safu tatu: mtandao, jina la akaunti, nenosiri.

Nina mambo mawili. Nenosiri sitaki kutoa, ila naogopa wataniona mbishi kabla hata sijaanza kazi. La pili linanikosesha usingizi zaidi. Kuna dada Facebook ana jina kama langu kabisa, la kwanza na la ukoo. Akina Mollel mnajua tulivyo wengi mkoa huu. Hana picha ya uso, kaweka maua, na anawaporomoshea matusi watu wa makabila mengine kila siku. Ukitafuta jina langu anatangulia yeye. Nitajuaje kama hawajamwona wakadhani ni mimi?

Nifanyeje? Nifute akaunti zangu zote kabla ya Alhamisi?

Kijenge_Juu

Dada wape simu waangalie, yaishe. Kama huna baya unaogopa nini? Waombaji wako mia nyuma yako na wote wataitoa. Kazi kwanza, haki baadaye ukishapata mshahara.

MamaKikoba_Rau

Kijenge_Juu mwanangu, hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Simu ya mtu siyo yake peke yake. Mimi ni katibu wa kikoba, kwenye simu yangu kuna nani anadaiwa na kiasi gani, nani kaomba kuongezewa muda kwa sababu mume kaugua. Kuna meseji za mdogo wangu anayetibiwa KCMC. Hao wote wamekubali lini kusomwa na HR wa kampuni ya utalii? Binti akitoa nenosiri la Instagram hatoi picha zake tu, anatoa na kila alichoandikiwa faraghani na wenzake.

Mwanangu Ngaramtoni, usitoe. Na wala usiende kwa ukali. Kataa kwa adabu, huku ukiwaangalia usoni.

Nimekaa_HR

Nimefanya kazi ya rasilimaliwatu kwenye hoteli na kambi za utalii huku kaskazini kwa muda mrefu, kwa hiyo nieleze upande wa mwajiri, maana kuna kinachoeleweka na kisichoeleweka.

Kinachoeleweka: kuangalia kilicho wazi kwa kila mtu. Karibu wote tunaangalia. Kwenye utalii tunatafuta vitu vichache sana. Je, huyu anaposti picha za wageni bila idhini yao? Mgeni amelipa fedha nyingi aje apumzike, halafu picha ya mtoto wake iko kwenye ukurasa wa mfanyakazi akiwa bado kambini. Je, anamtukana mwajiri wake wa zamani kwa jina? Anatukana dini za watu, kabila, taifa? Na je, anayosema kwenye CV yanaendana? Niliwahi kupata CV ya mtu aliyedai alikuwa Serengeti msimu mzima, na ukurasa wake ulionyesha msimu huohuo akiuza viatu Dar.

Picha ya harusini umeshika glasi, mimi hainihusu. Wapo wanaoitumia kukukata, na wanakosea.

Kisichoeleweka: nenosiri. Sijawahi kuliomba na sitaliomba. Hata Facebook wenyewe kwenye masharti yao wanakataza kumpa mtu nenosiri lako. Tena mwajiri mwenye akili hataki kujua mengine. Nikifungua ukurasa wako nikaona una mimba ya miezi minne, nisipokuajiri hata kwa sababu nyingine kabisa, nitathibitishaje kwamba sikukukataa kwa sababu ya mimba? Ndiyo maana mimi huwa naangalia mwisho, baada ya usaili, na nikiona kitu namuuliza mhusika kabla sijaamua. Wengi hawaulizi. Wanakukata kimyakimya na hupati hata simu, na hili ndilo linaloniumiza kwenye kada yetu.

Kuhusu huyo jina-mwenzako: usisubiri wakuulize. Sema wewe kwanza.

Wakili_Sakina

Naongezea upande wa sheria kwa kifupi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na kwa kifungu hicho "mfanyakazi" ni pamoja na anayeomba kazi. Kabila, dini, maoni ya kisiasa, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, vyote vimo. Kwa hiyo mwajiri hawezi kusema "huyu hakuwa bado wangu, nilikuwa huru kumkata kwa lolote."

Pili, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Anayekusanya taarifa zako anatakiwa awe na sababu halali, akuambie anazikusanya kwa ajili gani, na asichukue kuliko anachohitaji kwa sababu hiyo. Sasa nenosiri la Instagram linahitajika vipi kupanga buking? Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Wenzetu Marekani, jimbo la Maryland lilipiga marufuku waajiri kudai nenosiri za waombaji mwaka 2012, na majimbo mengine mengi yakafuata.

Ila dada, usiingie chumba cha usaili ukitaja vifungu. Weka kwenye akiba. Hiyo fomu itunze, usiirudishe bila kubaki na nakala.

FundiSimu_Sanawari

Usifute akaunti. Ukifuta zako, anayebaki kwenye jina lako ni yule wa maua peke yake! Fanya kinyume. Weka picha yako ya uso, andika ulikosoma na kwamba uko Arusha na Moshi, ili anayetafuta atofautishe. Fungua ukurasa LinkedIn kama huna.

Halafu jitafute mwenyewe bila kuingia kwenye akaunti, ndipo utaona wanachokiona wao. Facebook kuna mpangilio unaobadili machapisho yote ya zamani yaliyokuwa wazi yawe ya marafiki tu, kwa mara moja. Instagram weka kwamba picha ukitajwa na mtu lazima uidhinishe kwanza. Piga picha ya skrini ya ukurasa wa huyo dada, ionekane anwani ya ukurasa wake na ya kwako.

BintiNgaramtoni

Asanteni sana, mama Rau shikamoo. Leo asubuhi nimejikaza nikampigia HR. Nimemwambia majina ya akaunti nitajaza yote na kilicho wazi waangalie, ila nenosiri siwezi kwa sababu ndani kuna mawasiliano ya watu wengine. Nikamweleza na habari ya jina-mwenzangu. Akanyamaza, kisha akasema, "Huyo wa maua tulimwona. Meneja alikuwa na swali juu yake." Kuhusu nenosiri amesema atauliza, fomu hiyo waliikuta ofisini.

Kumbe walishamwona! Nisingesema ningekatwa kwa matusi ya mtu nisiyemjua. Sasa nikifika Alhamisi meneja akishikilia nenosiri, nisemeje?

Nimekaa_HR

Mwambie hivi: "Meneja, kazi hii nitashika pasipoti na kadi za wageni wenu. Kama leo natoa siri za watu walioniamini, kesho nitatoa za wageni." Kisha nyamaza umwachie ajibu. Nenda na hizo picha za skrini zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, umpe mkononi, simu ibaki kwenye mkoba.

MamaKikoba_Rau

Na safu ya tatu usiiache tupu, watadhani umesahau. Andika "sitoi" kwa kalamu, weka sahihi pembeni. Marahaba mwanangu.