Mjadala: Ukiamua kuishi kwa kiasi, kazi uliyoiacha anaifanya nani?

Wadau, hoja iliyo mezani ni hii: mtu anayetaka kujijenga, ni lazima apunguze vitu, ajitenge, akakae karibu na miti na maji? Kuna wanaosema ndiyo, kwamba kelele na madeni havimpi mtu nafasi ya kujijua. Wengine wanasema huo ni uhondo wa walioshiba, maana asiye na kitu hana cha kupunguza. Naona pande zote mbili zinaliruka swali zito, lile nililoliweka kwenye kichwa.

Mfano unaotajwa kila mara ni mwandishi Henry David Thoreau wa Marekani. Tarehe 4 Julai 1845 alihamia kwenye kibanda alichojijengea kando ya bwawa la Walden, karibu na mji wa Concord, Massachusetts, akakaa miaka miwili na ushei. Chumba kimoja, viti vitatu. Gharama za ujenzi aliziandika zote, hadi misumari: dola 28 na senti 12 na nusu. Wanaompinga hukimbilia kusema kwamba kiwanja kilikuwa cha rafiki yake Ralph Waldo Emerson, na kwamba mara nyingine alikula kwa watu. Ni kweli, ila kwangu hilo si kosa. Kuishi kwa kiasi hakujawahi kuwa na maana ya kuishi bila watu.

Kinachonisumbua kimo kwenye hesabu zake mwenyewe. Chakula kimeandikwa, mafuta yameandikwa, kisha anaeleza kuwa kufua na kushona nguo kulifanyika zaidi nje ya nyumba, na bili yake ilikuwa bado haijaja. Someni tena hapo. Msumari una bei, lakini mikono iliyosugua mashati yake haina hata mstari. Ndiyo hali ya wengi wetu tunaohubiri utulivu: tunaamka alfajiri kutafakari huku mtu mwingine ndani ya nyumba hiyo hiyo amekwisha kuamka kabla yetu, anachota maji na kuandaa watoto.

Hata hivyo sikubali kwamba jambo lote ni anasa. Julai 1846 Thoreau huyo huyo alilala jela usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa, akipinga serikali iliyoulinda utumwa. Asiye na mkopo wa kulipa wala cheo cha kulinda ni vigumu kumtisha. Hapo ndipo matumizi madogo yanapojenga tabia ya mtu, na maskini anaihitaji nguvu hiyo kuliko tajiri.

Kuhusu miti, tusizidishe chumvi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa kuondolewa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa penye dirisha linalotazama miti walitoka mapema kidogo na kutumia dawa kali za maumivu chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Dirisha tu! Kwa hiyo anayesema lazima uhamie msituni anadai kisichohitajika. Epikuro naye, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha maisha ya kiasi katika bustani yake huko Athens, pamoja na marafiki, na bustani hiyo ilipokea wanawake na watumwa.

Msimamo wangu: kabla hujaacha vikao, simu na kazi za ziada ili ujitafute, chukua kwanza nguo zako uzifue, na umpe anayekuhudumia saa yake ya kukaa kimya bila kuitwa. Hilo likishindikana, sioni umepunguza nini. Mnaosema upweke ndio msingi, nawaomba mnijibu hapa: anayemuuguza mzazi kitandani mchana na usiku ajitenge vipi, na ninyi mko tayari kumshikia zamu?