Naomba ushauri: kaka yangu anatuharibia uhondo wa Dark

Assalaam alaikum ndugu zangu. Sisi vijana wanne wa Wete, kila usiku baada ya isha tunakaa barazani na laptopu tukitazama Dark, tamthilia ya Kijerumani yenye misimu 3, ya watu wanaosafiri kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Utamu wake kwetu ni kubashiri. Mtoto Mikkel alipopotea mwaka 2019 akaibukia 1986, siku tatu kahawa ilitupolea tukibishana atarudi vipi. Mimi nilisema harudi, atakulia kulekule. Wote wakanipinga. Ilipodhihirika kuwa Mikkel ndiye baba yake Jonas, yule kijana mhusika mkuu, nilinyanyuka nikapiga makofi, wallahi sitosahau.

Sasa tumeingia msimu wa 2, na kaka yangu, mtoto wa ami, keshaimaliza yote peke yake. Tukianza kukisia tu, anatabasamu, au anasema "hapo umepotea". Ubashiri umekufa, kila mtu anamtazama yeye usoni badala ya skrini.

Ni mkubwa kwangu, na laptopu ni yake, siwezi kumwambia asije. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? Na mnaoijua, tafadhalini msinidokeze mwisho. Nataka nifike mwenyewe.