Naomba ushauri: shali na blanketi, uzi gani wa bei nafuu unashika nafasi ya sufu?

Sindano Mbili: Wakuu, habari za jioni. Nimekwama, hata usingizi hauji. Nina oda ya shali moja na blanketi la kitanda. Hesabu inataka sufu gramu 1,200. Sufu hapa Mbeya hata ukiipata bei inakufukuza. Akriliki, ule uzi wa plastiki wa kiwandani, ipo tele. Nikichukua akriliki uzito uleule itatosha? Matusi hapana, nyumbani yapo ya kutosha.

Nyundo Butu: Uzi kuhusu uzi. Napita.

Bi Kijora: Dada, usinunue kwa gramu, hesabu mita kwenye lebo. Fuma kwanza kipande cha sentimita 10 kwa 10, kifue, kikauke, ndipo uhesabu vitanzi. Na mabonge yote yawe ya mkupuo mmoja wa rangi, namba ileile kwenye lebo, la sivyo blanketi litakuwa kama barabara iliyozibwa viraka.

Mzee wa Ulanzi: Marehemu mama alinifumia sweta nilipoanza kidato cha kwanza, 1987. Nikaliona la kishamba, nikalibadilisha kwa redio mbovu. Mpaka leo nikipita Kitulo na ile baridi yake nalikumbuka.

Kibatari: Pole mzee. Wewe Sindano, mteja uliahidi kumpa nini?

Sindano Mbili: Kitu kizuri.

Kibatari: Nimeuliza uzi gani.

Sindano Mbili: Haya. Nilisema sufu tupu. Akatanguliza laki moja na ishirini, ikaenda kwenye kodi ya chumba. Akriliki nishanunua, blanketi liko nusu. Ila jamani, akriliki ya siku hizi ni laini, haiwashi, unaifua bila kusinyaa. Mteja ndiye anayefaidika!

Mja wa Mola: Kughushi ni kughushi, hata kukiwa laini. Mwambie ukweli umrudishie chake.

Sindano Mbili: Nirudishe nini, chumba?

Bi Kijora: Shali ya nani?

Sindano Mbili: Ya mama yake, yuko Makete.

Bi Kijora: Anaota moto?

Sindano Mbili: Makete nani haoti moto?

Bi Kijora: Basi blanketi mtajuana na mteja, ila hiyo shali usiifume kwa akriliki. Sufu ikidondokewa na kaa inaungua kwa shida. Akriliki inayeyuka na kugandia ngozi. Nenda mitumbani, tafuta sweta la sufu ulifumue. Tazama kwanza mshono wa ubavuni: likiwa limekatwa na kupigwa ovaloki liache, utaambulia vipande. Uzi uoshe kwa maji ya uvuguvugu, utundike na chupa ya maji ining'inie chini unyooke. Ukiwa na shaka, choma ncha. Sufu inanuka kama nywele na jivu lake linasagika, akriliki inaacha kidonge kigumu.

Nyundo Butu: Nimerudi. Hii chai. Mwezi wa tatu ID hiihii ilikuwa inatafuta mchumba, "awe mcha Mungu na mpole". Leo dada mfumaji?

Sindano Mbili: Nani kasema mimi dada? Huo udada kanipa Bi Kijora. Bibi alinifundisha sindano nikiwa darasa la nne.

Mzee wa Ulanzi: Mwanaume anafuma?

Kibatari: Wavuvi wanafuma nyavu na hujawahi kushangaa, mzee. Sindano, leta picha ya blanketi.

Sindano Mbili: Kamera ya simu imepasuka.

Nyundo Butu: 😂😂 Chai, tena ya maziwa.

Bi Kijora: Haya kaka, kamera imepasuka. Mchumba je, alipatikana?

Sindano Mbili: Ndiye mteja. Belo la masweta pale Mwanjelwa wanafungua siku gani?