Mjadala: Udaktari bingwa ni sifa ya kumpa mtu urais?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. Wapo wanaosema daktari aliyeokoa maisha ya watu anastahili kuaminiwa na nchi, na kwamba Wakroatia walikosa shukrani walipomnyima kura Dragan Primorac kwenye uchaguzi wa rais. Mimi sikubaliani nao.

Kwanza nimpe haki yake. Primorac ni daktari wa watoto aliyebobea kwenye vinasaba. Baada ya vita vya 1991 hadi 1995, Yugoslavia iliyokuwa na Kroatia na Bosnia ndani yake ilipovunjika, alikuwa miongoni mwa wataalamu waliotumia vinasaba kuwatambua watu waliofukuliwa kwenye makaburi ya halaiki, Kroatia na Bosnia. Hebu ifikirieni kazi yenyewe. Mezani kuna jino, au kipande cha mfupa wa paja, hakuna anayejua ni wa nani. Pembeni kuna damu ya mama ambaye miaka yote hajui aomboleze au aendelee kusubiri. Vinasaba vikioana, mama anapata kaburi la kwenda kumwombea mwanawe. Mtu aliyefanya kazi hiyo namheshimu, awe wa chama chochote.

Ila rais wa Kroatia hafanyi kazi hiyo. Serikali iko mikononi mwa waziri mkuu. Rais ni amiri jeshi mkuu na ana sauti katika mambo ya nje. Moja ya hoja zilizobishaniwa ni kama askari wa Kroatia washiriki mpango wa NATO wa kuisaidia Ukraine. Swali hilo halina jibu maabara. Duru ya pili, 12 Januari 2025, Zoran Milanović, rais aliyekuwa akitetea kiti chake, akazoa karibu asilimia 75, Primorac akabaki na 25.

Halafu tusijifanye alikuja na koti jeupe peke yake. Alikuwa waziri wa sayansi na elimu kuanzia 2003 hadi 2009, na urais alishawahi kuugombea akashindwa. Safari hii alibebwa na HDZ, chama tawala. Novemba 2024, wiki chache kabla ya kura, waziri wa afya Vili Beroš alikamatwa kwa tuhuma za rushwa katika ununuzi wa vifaa vya hospitali na kufutwa kazi siku hiyohiyo. Tuhuma hizo amezikana. Naye ni daktari, wa upasuaji wa ubongo, na wakati wa korona watu walimpenda sana. Mpiga kura aliyekwisha kuyaona hayo mnamwitaje asiye na shukrani?

Anayeitia hoja yangu mashakani ni daktari mwingine wa Kroatia, Andrija Štampar. Alijenga mfumo wa afya ya jamii Yugoslavia kati ya vita viwili vya dunia, mfalme akamwondoa madarakani, na 1948 akaongoza mkutano mkuu wa kwanza wa Shirika la Afya Duniani. Kwake udaktari ndio ulikuwa siasa yenyewe. Mnaonipinga, naomba mnijibu: Primorac mnamweka kwenye mizani moja na huyu, na kwa lipi?