Naomba ushauri: kugeuza kanisa la zamani kuwa nyumba kwa bajeti ndogo

Habari zenu wakuu. Mimi na mke wangu tumenunua kanisa la zamani ambalo waumini walishahama, na kibali cha kubadilisha matumizi ya jengo tumepata. Hela iliyobaki ni ya kuhesabu.

Kinachoninyima usingizi ni kuta. Ni za mawe yaliyojengwa kwa chokaa, lakini kuna mtu alikuja kuzipiga plasta ya saruji kwa ndani. Sasa unyevu umenaswa humo: ukigonga plasta inalia tupu, na karibu na sakafu rangi inabanduka na kuacha unga mweupe wa chumvi. Fundi mmoja anasema tupige saruji nyingine yenye dawa ya kuzuia maji. Mwingine anasema tubandue yote, ukuta ukauke, ndipo tupige plasta ya chokaa ili upumue. Naegemea kwa huyu wa pili, ila kuta zile ni ndefu jamani. Aliyewahi kufanya, zilichukua muda gani kukauka? Naweza kubandua mwenyewe bila kuharibu mawe?

Halafu kenchi, yaani zile mbao zinazobeba paa. Kwa macho ni nzima, ila pale zinapokalia ukuta nimechoma bisibisi ikazama kama kwenye keki. Inawezekana kukata ncha iliyooza tu na kuunga mbao mpya? Mke wangu anataka tuweke ghorofa ya mbao ndani kwa ajili ya vyumba vya kulala. Nimemwomba asubiri mhandisi aone kwanza. (Madirisha ya vioo vya rangi hatugusi, hilo halina mjadala.)