Tangazo la kongamano la lishe Iringa: rasimu A, B au C?

Mnyalu_Lishe (Iringa)
Kamwene wadau. Nimeangushiwa kazi ya kuandika maelezo ya kongamano letu la siku mbili, la maofisa lishe, wauguzi na waganga wa vituo. Kamati imegawanyika.

A: "Katika kuunga mkono jitihada za kuboresha lishe, kongamano litawakutanisha wadau mbalimbali kujadili changamoto na fursa zilizopo."

B: "Iringa inalima na kulisha mikoa mingine. Lakini utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa nchi nzima ni 30. Tukutane tuulizane kwa nini."

C: "Ukitoka hapa utaweza kupima kimo cha mtoto bila kukosea, na kumshauri mama ambaye ndani ana mahindi na maharage tu."

MamaKliniki_Tukuyu
A tupa. Futa "lishe", andika "barabara", uone kama kuna kitakachoharibika.

Uyole_Njiapanda
Mimi naitetea kidogo. Nikiandika dokezo la kuomba ruhusa huwa nanakili maneno ya tangazo, na wakubwa wameyazoea hayo ya "jitihada".

Sista_Makambako
Labda wakubwa wa kwenu. Wa kwangu anauliza siku ngapi, malazi analipa nani, pointi za CPD (mafunzo endelevu ya kitaaluma) zipo, na wodi namwachia nani. Hayo yakiwa kwenye aya ya pili, anasaini amesimama.

Nachagua C, ila iwe kweli. Mwaka juzi nilifunga safari kwa tangazo la "mafunzo kwa vitendo". Vitendo vyenyewe vilikuwa kumpigia makofi mgeni rasmi, aliyeingia saa tano. Ubao wa kupimia tuliuona kwenye slaidi.

MamaKliniki_Tukuyu
😂 Na cheti ukapewa.

Sista_Makambako
Kina jina la mtu mwingine hadi leo.

Intern_Mbeya
B ndiyo iliyonifanya niendelee kusoma. Ningeanza na zile sentensi mbili za kwanza, nikafuta "tuulizane kwa nini", halafu nikashuka na C. Angalizo: 56.9 ni udumavu, yaani kimo kisicholingana na umri. Usije ukaandika "utapiamlo" ili isikike kubwa. Ofisa lishe wa kwanza kusoma atakuumbua. Na ukitaja "wabobezi" wa kutoa mada, sema wanafanya kazi gani.

Mnyalu_Lishe
Nimewaelewa. Shida ni C: mbao za kupimia tunazo mbili, na tulitarajia watu 80.

Sista_Makambako
Basi usiahidi. Au punguza watu.

Mnyalu_Lishe
Nimepigiana simu na mwenyekiti, kanuna lakini kakubali. Sasa inasomeka: "Nafasi ni 40. Kila mshiriki atapima watoto wawili kwa mkono wake: mmoja wa chini ya miaka miwili, akiwa amelala, na mmoja mkubwa, akiwa amesimama." Juu yake zile sentensi mbili za B, chini malazi, ada na CPD.

Uyole_Njiapanda
Hapo hata mimi nimesalimu amri. Ongeza saa ya kuanza, ile ya kweli. Watu wa Makete na Ludewa wajue kama walale Iringa usiku wa kuamkia.

Mnyalu_Lishe
Saa mbili kamili. Mgeni rasmi tumempeleka mchana.

MamaKliniki_Tukuyu
Ndaga. Niwekee nafasi moja.