Hisa za Moonpig: niingie au nipotezee?

Mama Leicester:
Habari zenu wakuu. Niko Leicester, nahudumia wazee kwenye makao yao. Zamu yangu ya upatu imefika, nina pauni 600, nazitamani hisa za Moonpig, wale wauza kadi na zawadi mtandaoni. Huku kadi ni kama ibada. Juzi bibi mmoja katimiza miaka 90, nimehesabu kadi 23 dirishani kwake. Kwetu Tanga angepikiwa pilau, yakaisha. Ila naona zilianza kwa peni 350 soko la London, Februari 2021, kisha zikaporomoka. Mbona hivyo?

Mzee wa Gawio:
Dada, kuhusu kadi uko sahihi, shida ilikuwa bei. Wakati wa korona maduka yalifungwa, kila mtu anaagiza kwa simu. Mwaka wa hesabu ulioishia Aprili 2021 waliuza pauni milioni 368. Uliofuata, 304. Mimi niliingia kwa ile 350, msinicheke.
Bado sijauza, kwa sababu ya vikumbusho vya programu yao. Simu inalia siku kadhaa kabla: bethidei ya mama mkwe. Nimeshawaandikia tarehe za ukoo mzima, na za mashemeji. Nihamie kwingine nianze upya? Uvivu huo ndio mtaji wao.

Chuma Ulete:
Mzee unasifia kadi, upande wa pili umeuruka. 2022 walinunua Buyagift na Red Letter Days kwa pauni milioni 124, wale wanaouza vocha za chai ya hoteli na kuendesha magari ya mbio. Desemba 2024 wakafuta milioni 56.7 za thamani yake vitabuni. Yaani kadi inafanya kazi, mwenzie anakula. Na kadi lazima ipite posta: stempu ya daraja la kwanza ilifika pauni 1.70 Aprili 2025.

Mzee wa Gawio:
Kweli, ule ununuzi ulinichefua. Dada, pesa ya upatu usiiweke yote kapu moja.

Mama Leicester:
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Nianze na 200. Nimepakua programu yao niijaribu, nikaweka bethidei ya meneja wetu. Kumbe ni kesho! Kwa posta haifiki, nimekimbilia dukani.

Chuma Ulete:
Duka gani? Labda hisa zake ndizo za kununua 😂